Ndiyo, Nimelirudia

Juzi asubuhi nilikuwa napanda ngazi za ofisini, mkoba begani, nikasikia sauti nyuma yangu: "Dada, shati hilo tena?" Aliyesema ni mfanyakazi mwenzangu, binti ninayempenda kama mdogo wangu, na alisema huku anacheka. Najua hakuwa na nia mbaya. Nilitabasamu, nikamwamkua, nikaendelea kupanda. Lakini neno lile lilinikera siku nzima kama mchanga ndani ya kiatu. Tena! Yaani kuvaa shati lako mara mbili ndani ya wiki mbili limekuwa jambo la kuulizwa.

Basi namjibu hapa, kwa sababu pale ngazini nilikosa pumzi na maneno. Ndiyo, nimelirudia. Wiki ijayo nitalirudia. Na naamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu asiyerudia nguo hawezi kuupata mtindo wake, hata kama kabati lake halifungiki kwa kujaa.

Wanaoniuliza wafanyeje wapate mtindo wao karibu wote wanataka tuanzie dukani. Wanataka orodha: koti la namna hii, viatu vyeupe, suruali nyeusi, mkanda mwembamba. Orodha hizo zimeenea kila kona na kila mwaka zina vitu vipya "vya lazima". Nimezifuata miaka mingi. Kwa ajili ya orodha moja nilinunua koti la mabega mapana, limeshonwa kwa ustadi, ndani lina bitana laini inayoteleza. Nililivaa mara mbili. Mara zote mbili nilitembea kwa uangalifu, kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani na anaogopa kukirudisha na doa. Koti halikuwa na kosa. Lilinunuliwa kwa ajili ya mwanamke anayehudhuria mikutano mirefu kwenye vyumba vya baridi, na mimi sina maisha hayo.

Kilichonifungua macho ni daftari. Kila usiku kabla ya kulala, kwa siku 60, niliandika nilichovaa, nilikokwenda, na neno moja tu la jinsi nilivyojisikia. Sikuandika kama nilipendeza. Hilo nililiacha makusudi, kwa kuwa kupendeza huwa naamuliwa na wengine. Kabla ya kuanza nilihesabu nguo zangu, ukitoa za ndani na za kulalia: 83. Siku 60 zilipokwisha, nilizokuwa nimezivaa ni 19.

Nilizitoa zile 19 nikazitandika kitandani, nikakaa nazitazama. Hapo ndipo nilipojiona kwa mara ya kwanza. Karibu zote mshono wa bega ulikaa juu ya mfupa wenyewe, haukuteremka kwenye mkono wala kupanda shingoni. Zote zenye mikono mirefu zilikuwa na mikono inayokunjika hadi kwenye kiwiko ikatulia, kwa maana mimi siwezi kufanya kazi mikono ikiwa imefunikwa. Hakuna hata moja iliyogusa koo, nami miaka yote nilikuwa nawaambia watu napenda shingo ndefu. Nilikuwa nazo nne. Na rangi? Bluu iliyopauka, kijivu, na ile rangi ya kutu. Shangazi yangu aliniambia nikiwa na miaka 16 kwamba nyekundu ndiyo rangi yangu, nikaibeba kauli hiyo kama urithi, nikanunua nyekundu baada ya nyekundu. Shangazi hakukosea, nyekundu inanipendeza kweli. Ila siivai. Kumbe nguo kukupendeza na nguo kukukaa ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nanunua la kwanza nikitarajia la pili.

Maneno niliyoandika pembeni yalinigusa zaidi. "Nimebanwa" liliandikwa mara nyingi kuliko nilivyodhani. "Huru" lilikuwepo. Lakini siku nilizozipenda kuliko zote niliandika "nimesahau". Nilisahau nimevaa nini. Siku hizo sikuvuta sketi, sikuangalia kioo cha gari nikipita, sikupandisha mkanda. Nilikuwepo tu, na mtu wa mbele yangu, na kazi yangu. Na ajabu ni kwamba hizo ndizo siku ambazo watu waliniambia, "Leo umetokelezea." Shati la bluu, hilo aliloliuliza mdogo wangu pale ngazini, limeandikwa "nimesahau" mara 7.

Hiki ndicho ninachotaka kukitetea. Nguo ukiivaa mara ya kwanza hamjuani. Unaiangalia, inakuangalia. Mara ya tatu unagundua kola inalegea ikifika mchana, unajifunza kufungua kifungo kimoja zaidi ili ianguke vizuri. Mara ya tano unaichomekea mbele tu, nyuma unaiacha, kwa sababu siku hiyo ulichelewa, na unaona hapo hapo kwamba ndivyo ilivyotakiwa kuvaliwa tangu mwanzo. Mara ya kumi inakutana na sketi ambayo hukuwahi kuiwaza nayo. Kufikia hapo kitambaa kimeshashika mikunjo ya viwiko vyako. Mtu akikuona kwa mbali, kabla hajaona sura yako, anajua ni wewe. Hicho ndicho tunachokiita mtindo, na hakuna duka linalokiuza, maana kinatengenezwa na mtu anayevaa.

Sasa tuulizane kwa uaminifu: nani huulizwa "tena?" Mwaka 2014 mtangazaji wa televisheni nchini Australia, Karl Stefanovic, alifichua kwamba alikuwa amevaa suti moja ya bluu hewani karibu kila siku kwa mwaka mzima. Hakuna aliyegundua. Alifanya hivyo baada ya kuona mwanamke aliyekuwa akitangaza naye akikosolewa mavazi bila kukoma. Suti moja, mwaka mzima, mbele ya kamera, asubuhi baada ya asubuhi! Mimi shati langu halikumaliza wiki mbili. Habari hiyo inaniuma kila nikiikumbuka, kwa sababu maswali haya mara nyingi tunaulizana sisi kwa sisi, wanawake, tukicheka, tukipendana.

Angela Merkel aliongoza Ujerumani kwa miaka 16, kuanzia 2005 hadi 2021, na karibu muda wote huo alivaa jaketi la mkato uleule juu ya suruali, akibadilisha rangi tu. Walimsema. Aliendelea. Leo ukichora jaketi lile bila kichwa, watu watakutajia jina. Ameelewa kitu ambacho wengi wetu tunakikimbia: ukishalijua umbo lako, huna haja ya kulitafuta upya kila msimu. Hata gauni jeusi la mbunifu wa mavazi Mfaransa Coco Chanel, ambalo jarida la mitindo la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wake Oktoba 1926 na kulifananisha na gari la Ford, lilisifiwa kwa kuwa la kawaida: gauni la kila mtu, la kuvaliwa na kuvaliwa. Karibu miaka mia imepita, na bado tunaambiana gauni likishapigwa picha limekwisha kazi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mitindo mipya ina faida yake. Bila wimbi la suruali pana nisingewahi kujaribu suruali pana, na moja kati ya zile 19 ni hiyo. Na wapo watu ambao kubadilika kila siku ndio mtindo wao wenyewe, wanacheza na nguo kama mtoto na rangi, na kuwatazama ni raha. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ile hofu inayomfanya mtu anunue kwa kuogopa kuonekana na nguo ya jana.

Manunuzi yangu yamebadilika kabisa tangu daftari lile. Siku hizi naenda dukani nimevaa mojawapo ya zile 19, na viatu ninavyotembelea, sio vile vya kupendezea. Kwenye chumba cha kujaribia sisimami wima mbele ya kioo nikavuta tumbo. Nakaa. Nanyanyua mikono kama mtu anayefikia rafu ya juu. Nainama kama naokota funguo. Nguo nyingi zinaanguka mtihani hapo. Kisha naitoa hadi mlangoni niione kwenye mwanga wa jua, maana taa za dukani zinabadilisha rangi. Bluu niliyoipenda chini ya taa imewahi kugeuka zambarau barabarani. Nakunja kipande cha kitambaa kwenye ngumi, nahesabu taratibu hadi kumi, naachia niione mikunjo yake. Nasoma lebo ya ndani. Poliesta haikunjamani na inakauka haraka, hilo nalitambua, lakini inashika harufu ya jasho kuliko pamba, na mtu anayerudia nguo kama mimi lazima ajali hilo.

Pia naangalia itachanika wapi. Jeans zimekuwa jeans kwa swali hilohilo. Fundi mmoja wa Reno, Marekani, Jacob Davis, aliombwa na mwanamke amshonee mumewe suruali ya kazi isiyochanika, akaamua kupiga ribiti za shaba kwenye kona za mifuko, sehemu zinazovutwa zaidi. Tarehe 20 Mei 1873 yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wakapata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki wazo hilo. Nguo inayorudiwa kuliko nyingine nyingi duniani ilianza na mtu aliyetazama mahali suruali inapochoka.

Namba ya saizi siisomi tena. Wasomaji wangu wengi mnaniandikia kwa huzuni kwamba mmepanda saizi, mmeshuka saizi. Tafadhali, naomba mliachie hilo. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili kupata mfumo mmoja wa saizi wa taifa. Waliohesabiwa walikuwa wanawake wa kizungu. Kiwango kilichotokana na kazi hiyo kilitolewa 1958, hakikuwatosha hata wao, na mwaka 1983 kikafutwa. Tangu hapo kila kampuni inajipangia. Suruali zangu mbili zinazonikaa sawasawa zina namba tofauti kwa hatua mbili. Kulia kwa sababu ya namba hiyo ni kulia kwa jambo ambalo hata waliolibuni walilitupa. Chukua inayotosha mabega au nyonga, kwingine mpelekee fundi.

Fundi! Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu yake. Shati langu la bluu lilipochakaa kola, fundi aliifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, akaishona tena. Alitumia chini ya saa moja na hakuna anayeweza kuona. Mtindo wangu nusu yake umo mikononi mwa mzee yule mwenye futi ya kamba shingoni, ambaye anajua kwamba bega langu la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia na wala haniulizi tena.

Na kuna jambo moja ambalo nikiliwaza shingo inanikaza. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka likiwa na viwanda vya nguo ndani yake. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na bado mafundi waliamriwa warudi kwenye cherehani. Walikuwa wanashona nguo za kawaida, za aina ambayo unanunua Ijumaa na Jumatatu unaona aibu kuirudia. Siwezi kusema nguo zangu zote zimetoka mahali salama, na nimewahi kununua bila kufikiri. Lakini mtu aliyeinama juu ya mshono wa shati langu anastahili lionekane zaidi ya mara moja.

Mdogo wangu wa ngazini nimemwambia mengi ya haya jana, kwa upole kuliko nilivyoandika hapa. Alinisikiliza, kisha akaniuliza daftari liwe la ukubwa gani. Nimemwambia lolote, hata la mkononi linalotosha mfukoni, ila aanze na siku ya kawaida, asisubiri sherehe.

Mimi daftari la pili liko ukurasa wa 40. Zile 19 zimebaki 17, kwa kuwa sweta moja limekwisha kabisa na suruali ya rangi ya kutu imepasuka mapajani mahali ambapo hata fundi ametikisa kichwa. Hiyo ya kutu naitafutia mrithi. Huu ni mwezi wa nne. Nimejaribu 11, tatu zilikaribia, moja ilinikaa kiunoni lakini mifuko yake ilikuwa ya bandia, imeshonwa juu tu bila shimo. Niliirudisha kwenye henga. Naendelea kutafuta, na kwa sasa nazungusha ile ya kijivu na shati la bluu.