Seva ya nyumbani Dar: picha ni zako, na zamu ya kuzilinda ni yako

Wiki iliyopita binamu yangu anayeishi Tabata alinionyesha simu yake ikiwa na ujumbe ambao wengi tunaujua: hifadhi imejaa. GB 15 za bure za Google zimekwisha, na tangu Juni 1, 2021 picha mpya za Google Photos zinahesabiwa humo humo. "Kaka," akaniuliza, "kwa nini nilipie kila mwezi wakati naweza kuweka seva yangu sebuleni?"

Kwamba inawezekana kuwa na seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote ikitunza mafaili yako, nyumbani, hilo halina ubishi. Nextcloud, programu huria iliyoanzishwa 2016 baada ya Frank Karlitschek na wenzake kujitenga na mradi wa awali, ownCloud, inatunza mafaili, kalenda na namba za simu, na picha zinapakiwa zenyewe kutoka kwenye simu. Huilipii leseni. Inakaa vizuri kwenye kompyuta ndogo ya mtumba kutoka Kariakoo iliyowekewa Debian, mfumo endeshi wa bure. Ukiwa na mashine inayokula wati 10, usiku na mchana kwa siku 30, ni yuniti 7.2 za LUKU. Kwa nyumba yangu si kitu, ila kwa mteja mdogo anayejibana asivuke yuniti 75 kwa mwezi ni karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wake wote.

Kuna faida moja ambayo Dar tuliiona waziwazi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Nyumbani kwangu watoto waliendelea kufungua masomo na picha zao kupitia Wi-Fi, maana vyote vilikuwa hatua tano kutoka walipokaa. Siku ile niliamini kabisa kwamba kumiliki vitu vyako mwenyewe kuna maana.

Imani hiyo iliyumbishwa na umeme. Usiku mmoja ulikatika, ukarudi, ukakatika tena kabla dakika haijaisha. Uliporudi mara ya tatu, diski ikaanza kutoa mlio: tik, kimya, tik. Nilipoweka kidole juu ya kasha lake nilihisi kitu ndani kikijaribu kusoma, kikishindwa, kikianza upya. Humo mlikuwa na picha za miaka minne. Nyingi nilizipata kwa sababu shemeji yangu wa Morogoro alikuwa na nakala ya miezi mitatu nyuma. Za miezi hiyo mitatu hazikurudi, na ndani yake kuna picha za mwisho za bibi akiwa bado anatembea.

Ndiyo maana nakuwa mkali kwenye jambo hili: diski mbili zinazoigana ndani ya mashine moja si nakala ya akiba. Ukifuta faili kwenye moja, limefutika kwenye zote. Mwizi akibeba kompyuta, amezibeba zote mbili. Nakala ya kweli inakaa nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine.

Halafu kuna suala la kuifikia seva ukiwa nje. Kampuni nyingi za intaneti zinawapa wateja wengi wa majumbani anwani moja ya IP (namba ya kukutambua kwenye intaneti) ya kushirikiana, kwa hiyo ukiwa Mwenge huna mlango wa kubisha hodi kwenye seva yako ya Tabata. Njia ya kawaida ni kukodi seva ndogo yenye anwani yake na kuiunganisha na ya nyumbani kwa programu ya WireGuard. Hapo umerudi kwenye ada ya kila mwezi uliyokuwa unaikimbia. Tena hiyo ni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo usilipuuze hilo.

Kazi ya masasisho haina mwisho, kwa sababu kila toleo kubwa la Nextcloud hutunzwa kwa takriban mwaka mmoja tu, na huruhusiwi kuruka toleo wakati wa kupanda. Ukilala miaka miwili utapanda ngazi moja moja, ukiomba kila moja isikuangushe. Mimi ninayeipenda kazi hii naweza. Lakini siku nikilazwa hospitali, nani nyumbani ataiwasha? Mke wangu aliponiuliza hivyo sikuwa na jibu. Jioni ile nikaandika nywila na hatua zote kwenye karatasi, nikaiweka pamoja na hati ya kiwanja.

Binamu nilimwambia hivi: vyeti na nyaraka viendelee kukaa kwenye wingu la kulipia, vikiwa vimefungwa kwa nywila yake mwenyewe. Picha aanze na programu ya Syncthing, inayonakili kutoka simu hadi kompyuta yake bila kuzihifadhi kwenye seva yoyote katikati. Akikaa nayo miezi sita bila kuchoka, basi seva inamfaa, naye ataipenda kama ninavyoipenda yangu.

Hakutaka kungoja miezi sita. Jumamosi tunakwenda Kariakoo, na tumekubaliana UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) na diski ya pili ya nakala vinunuliwe kwanza, kompyuta baadaye.