Maji kwanza, wavu baadaye

Anayetaka kuiga kwa kompyuta msingi wa ndoo (silinda ya chuma iliyofunikwa juu na wazi chini, inayozamishwa kwa pampu inayonyonya maji ya ndani) ukizama kwenye mchanga wa baharini huanza na swali la wavu, yaani vipande vidogo ambavyo modeli hugawanywa: elementi, vipande hivyo, ziwe ndogo kiasi gani? Si swali la kupuuza. Ukuta wa chuma una unene wa sentimita chache tu kwenye ndoo ya mita 8, na wavu unaoshikamana na mchanga hupindika vibaya mapema. Ndiyo maana wengi hutumia mbinu ya wavu uliotulia, mchanga ukipita ndani yake. Picha zinavutia. Ila modeli hizo kwa kawaida hazina maji yanayotembea kati ya chembe, na bila maji hayo kwa kawaida ndoo haizami hadi kina chake.

Pampu ikinyonya, maji ya nje huzunguka ncha ya ukuta na kupanda ndani. Mkondo huo hupunguza mkandamizo baina ya chembe, ukinzani wa ncha huporomoka, ndoo hushuka. Mteremko wa presha ndani (kimo cha maji kinachopotea kwa kila mita ya mchanga) ukifikia karibu 1, mchanga unachemka, yaani chembe zinaelea, maji yanajichimbia njia na kazi imekwama.

Chukua kipenyo cha mita 8, kina cha mita 4, uzito wa mchanga majini kilonewtoni 10 kwa mita ya ujazo. Kwa fomula ya watafiti Houlsby na Byrne (2005), kikomo cha unyonyaji kabla mchanga haujachemka ni kama kilopaskali 51. Lakini mkondo huohuo hulegeza mchanga wa ndani; ukipitisha maji mara 3 kuliko wa nje, kikomo kinapanda hadi 73. Tofauti yote hiyo, na wavu haujaguswa! Tena, kwa unyonyaji uleule, ukinzani wa ncha haupungui sana kama kabla.

Pembe moja ya msuguano (kipimo cha nguvu ya mchanga) kwa kina chote ni kosa jingine: mkandamizo ukiongezeka, kutanuka kwa mchanga unapokatwa hupungua, na modeli isiyojua hilo hutia chumvi ukinzani.

Kwa maoni yangu, anza na modeli nyepesi ya mtiririko peke yake, kina cha ukuta kikiongezwa nusu mita kila mara, kwa uwiano wa upenyezaji (wa mchanga wa ndani kwa wa nje) wa 1 na wa 3. Kisha dai kipimo cha maji yanayotoka pampuni, si presha tu. Ndoo hiyo ikishuka mita 1 kwa saa, husukuma nje takriban mita za ujazo 50 za maji kwa saa. Yanayozidi hapo yamepita mchangani, nayo ndiyo yanayokuambia uwiano upi ulikuwa wa kweli.