Pilipili ya mama mkwe imenifungia kiwanja

Dakika saba na sekunde arobaini. Ndo urefu wa voisi aliyoidondosha shemeji yangu leo asubuhi kwenye grupu la ukoo, na hilo grupu lina mama mkwe, lina katekista, lina yule mzee wa Kibosho ambaye mpaka leo ananidai mbuzi wawili wa mahari na kila nikituma picha ya theluji anajibu "na wale mbuzi?" Dakika zote hizo kasimulia ndege, kasimulia treni, kasimulia choo cha ndani ya treni, halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu aliyenusurika: "Ila chakula jamani... shem alinilisha soseji moja kavu, tumesimama nje, baridi inapiga."

Mama mkwe hakutuma voisi. Kaandika. "Baba, kama hali huko ni ngumu semeni tuchange."

Tuchange! Mimi! Miaka sita nipo St. Gallen, Uswisi, kodi ya nyumba nalipa, bima nalipa (bima tuiache, leo Jumapili nisije nikapandisha presha), halafu Kibosho wapitishe daftari la michango kwa ajili yangu. Kwa hiyo naomba nijieleze, tena kwa utulivu, kama mtu mzima.

Kwanza yeye mwenyewe ndo aliomba. Alisema "Shem, mambo ya kitalii sitaki, nipeleke viwanja vyako, unakokula na unakonunua wewe." Haya. Akafika Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Mliopo huku mmeshaelewa, mnatingisha vichwa. Maduka yalishafungwa saa kumi na moja, kesho yake Jumapili, na friji langu lina kitunguu nusu na jibini ambayo kwa harufu yake unapiga hodi kabla hujaifungua. Ananiuliza "sasa hawa Jumapili wanakula nini?" Wanakula walichonunua Jumamosi, shem. Viduka vya stesheni vipo wazi ndiyo, lakini bei ya nyanya mle ndani inakufanya uzikumbuke nyanya zote ulizowahi kuacha zikaoza. Nikasonga ugali wa polenta. Ukatoka njano. Akautazama muda mrefu akasema, "Unga wa Yanga upo mpaka leo?" Mi niliyezaliwa baada ya ile njaa iliyotuletea mahindi ya njano kwa meli nikaona aibu kama vile hiyo meli niliileta mimi.

Jumatatu nikampeleka kiwanja changu cha kununua, ambacho ni rafu. Sio duka, rafu. Saa moja kabla ya kufunga dada anapita na kile kibunduki chake cha stika za nusu bei, na sisi wenyewe tunajuana, kuna mzee mmoja wa koti refu, kuna mama wa Eritrea, kuna mimi, tunasimama mbali kidogo tunajifanya tunasoma mtindi, hakuna anayekimbia, heshima tupu, stika ikigusa nyama tu mikono mitatu imeshafika. Shemeji akaona stika ya kwanza akapiga kelele toka upande wa sabuni, "SHEM! KUKU KASHUKA!" Mzee wa koti refu alirudisha kuku aliyekuwa kamshika. Akamrudisha, akaondoka. Sijamwona tena.

Pale Migros, supamaketi ya ushirika, keshia akamuuliza kama ana Cumulus, ile kadi yao ya pointi, shemeji akatoa pasi ya kusafiria. Akatafuta bia, nikamwambia hapa hawauzi bia, na 2022 wanachama waliulizwa kwa kura kama waanze kuuza pombe na vyama vyote kumi vya mikoa vikakataa. Akasimama katikati ya duka. "Watu wazima walipewa karatasi, wakaulizwa bia, wakaandika hapana?" Na mji huu una kiwanda cha bia tangu 1779, Schützengarten, kikongwe kuliko vyote Uswisi. Usiku ule hakuzungumza jambo jingine.

Duka la mitumba, wenyewe wanaita Brocki, alilipenda, akasema Karume wamehamishia huku, akapata koti la faranga kumi na tano. Kebabu faranga kumi na mbili, alizidisha kwa elfu tatu akakataa kula, ikabidi nimalizie mimi za watu wawili. Kuna zile mgahawa za kizamani za ghorofa ya kwanza, Erststock-Beizli, unapanda ngazi za mbao unakuta dari linagusa kichwa, pazuri kweli, nilimuonyesha. Nje. Menyu ilikuwa ukutani tukaisoma kama tangazo la msiba tukapita kwa adabu. Na Konstanz tulienda, hapo ng'ambo Ujerumani, kwa sababu nyama inavuka bila ushuru kilo moja kwa kichwa, na shemeji pamoja na mapungufu yake yote ni kichwa. Mwanzo ulikuwa unavusha bidhaa za faranga 300 bila kodi, toka Januari 2025 wameshusha 150. Sasa unasimama kwenye duka la Mjerumani na kalkuleta kama mtahiniwa.

Sasa soseji.

Naomba mnielewe. Soseji ya St. Gallen sio soseji ya kuokoteza. Ni ya nyama ya ndama na nguruwe na maziwa ndani yake, nyeupe, inachomwa mpaka ngozi inapasuka kidogo, unapewa mkononi na karatasi na kimkate kigumu cha duara kinaitwa Bürli, basi. Maandishi ya chama cha wachinjaji wa mji huu yameitaja tangu 1438. Ile kubwa inaitwa ya OLMA, jina la maonyesho yao ya kilimo ya kila Oktoba, yaani Nane Nane ya kwao, ambako nguruwe wadogo wanashindanishwa mbio uwanjani na nje ya uwanja wenzao wanageuzwa kwenye mkaa. Na sheria ni moja: haiwekwi kitu. Haradali hapana. Tomato hapana. Zürich wanaweka haradali, na hapa wanasimuliana hilo kama unavyosimulia mtoto wa jirani aliyeanza kuvuta bangi.

Na mimi kile kibanda ndo kiwanja changu. Miaka sita. Yule mzee wa jiko nikitokea kona tu ananyanyua kidole kimoja, maana yake "moja kama kawaida?", na mimi nanyanyua kidole, maana yake "moja kama kawaida." Ndo urafiki wangu mrefu kuliko wote Uswisi na hatujawahi kuongea sentensi.

Siku ile nikanyanyua viwili. Mzee akatabasamu. Kumbe ndo la mwisho.

Shemeji kapokea, kaigeuza, kaangalia chini ya karatasi. "Kachumbari?" Hamna. "Chumvi wanaweka wapi?" Imo. "Ndimu?" Shem, kula. "Pilipili?" Nikamwambia taratibu, maana foleni nyuma inasikia hata kama haielewi, nikamwambia shem, mji huu ulianza na mmonaki anaitwa Gallus, 612 huko, usiku kaota moto porini dubu akamtokea, Gallus akamwamuru alete kuni, dubu akaleta, akapewa mkate. Mkate mkavu. Dubu hakuuliza kachumbari, na leo yupo kwenye nembo ya mji. Shemeji akanijibu, "Ndo maana ni dubu," akageukia dirishani, akavuta Kiingereza chake chote: "My friend, tomato?"

Mzee hakujibu. Alifuta koleo. Alilifuta polepole, pande zote mbili.

Hapo ndo shemeji akaingiza mkono kwenye koti la faranga kumi na tano akatoa chupa. Kachupa ka maji kadogo, ndani pilipili mbuzi za mama mkwe, zimesagwa na ndimu na kitunguu saumu, alizompa alete kwa binti yake, na binti yake zamu za usiku zilimbana hakuwa amezigusa. Sasa fikiria, hiyo kitu imefungwa Kibosho, imepanda ndege, imekaa siku nne nyumbani kwangu juu ya hita. Juu ya hita! Ilikuwa imevimba chupa imekuwa kama mpira wa watoto. Nikasema "Shem usi—"

Ilitoa sauti kama tairi la daladala.

Robo iliruka kwenye koti lake, robo sijui ilienda wapi, na robo, naapa niliiona kwa macho yangu inapaa hewani taratibu nyekundu inang'aa juani, ikapita dirisha, ikatua juu ya jiko. Kwenye mkaa. Katikati ya soseji za watu.

Kama umewahi kuwa jikoni mtu kaunguza pilipili, huhitaji maelezo. Kama hujawahi, St. Gallen nao walikuwa hawajawahi. Moshi ulitoka mweupe mzuri tu, hauna dalili ya ubaya, ukaiendea foleni mtu mmoja mmoja. Wa kwanza jamaa wa suti, akakohoa. Bibi mwenye kijibwa akakohoa. Kijibwa kikakohoa, sikujua mbwa wanakohoa. Wanafunzi, kohoa. Mzee wa jiko katoka mlango wa nyuma machozi yanamtiririka na koleo bado analo. Na hawa watu walivyo na adabu, hakuna aliyetukana, hakuna aliyepiga kelele, kila anayepiga chafya jirani yake anamwambia "Gesundheit" na yeye mwenyewe anapiga chafya anajibiwa "Gesundheit", foleni nzima inatakiana afya na hakuna anayeondoka kwenye nafasi yake. Wangenitukana ningeshukuru. Mimi hapo nakohoa, nasema Entschuldigung, yaani samahani, nakohoa, Entschuldigung, na shemeji? Kasimama pembeni, hakohoi hata kidogo, anapaka iliyobaki kwenye soseji yake kwa kifuniko cha chupa. "Sasa imekaa," anasema. "Sasa imekaa."

Nikamvuta mkono tukakimbilia kwenye lile zulia jekundu la mtaa wa mabenki, mnalijua, Stadtlounge, ile barabara yote imemwagiwa mpira mwekundu na viti vyekundu na gari limefunikwa humohumo, Pipilotti Rist na Carlos Martinez waliitengeneza 2005. Nataka tukae tupumue. Shemeji akavua viatu. Nje! Barabarani! Nikamwambia vaa. Akasema jana kwenye maktaba ya abasia tulivalishwa malapa ya manyoya juu ya viatu ili tusiharibu sakafu, leo zulia kabisa unaniambia nikanyage, amueni moja. Sikuwa na jibu, bado sina. Akakaa pekupeku akapigwa picha anakula. Hiyo picha ndo iko kwenye grupu sasa hivi, na mama mdogo kaandika, "Sebule nzuri ila mbona haina paa?"

Halafu nikageuka nikamwona yule jamaa wa suti. Katufuata. Nikasema haya, polisi. Kaangalia kushoto, kaangalia kulia, kasogea mpaka karibu yetu, akafungua karatasi yake kidogo tu kama mtu anayeuza simu ya wizi, akaonyesha soseji yake, akaonyesha chupa. "Bitzeli," akasema. Kidogo tu. Shemeji akamdondoshea. Akala kaupa mgongo mtaa, masikio yakawa rangi ya zulia, akashukuru, akaenda zake ofisini.

Sasa mtu aliyefanya yote hayo ndo anasema nilimlisha kavu! Mi sijakanyaga pale kibandani wiki ya tatu hii. Hakuna aliyenifukuza. Juzi nimepita ng'ambo ya barabara, mzee kaniona, nikanyanyua kidole. Akaangalia mikono yangu yote miwili kwanza, halafu mifuko ya koti. Kidole hakunyanyua. Miaka sita!

Na kingine ambacho kwenye voisi hakukitaja, nimekigundua leo. Mifuko ya taka. Ile rasmi ya manispaa, ambayo bei yake ndo kodi yenyewe ya taka, na ni mji huuhuu ulioanzisha huo utaratibu Uswisi nzima, 1975, asanteni sana. Rola zima halipo. Namuuliza, ananijibu "aah ile mifuko migumu? Nilifungia zawadi za mama." Na mama mkwe hapohapo kaleta picha, mifuko yangu imejaa mahindi imepangwa barazani imesimama vizuri, na yule mzee wa mbuzi kaandika na yeye anaomba miwili.

Leo ni Jumapili. Nimerudi kulekule. Maduka yamefungwa, ndoo imejaa, juu kabisa kuna kichwa cha samaki cha juzi, nimeshaikanyaga mara mbili na haishuki tena. Nikasema basi angalau nipeleke chupa, nimefika mpaka kwenye pipa na chupa mkononi, jirani wa chini kafungua dirisha, hakusema kitu, kagonga saa yake. Kweli, chupa Jumapili marufuku, kelele. Nimerudi nazo. Mke wangu kalala ametoka zamu, samaki ananiangalia, na simu inalia tena, katekista kafungua orodha, yeye mwenyewe kaanza na elfu tano.