Mtoto hajarogwa
Asante mwandishi kwa habari ya mtoto wa Pasua aliyeacha kutembea, ila kuuita "ugonjwa wa ajabu" kunatuumiza. Mpwa wangu hapa Moshi alikuwa anakimbia. Alipofika miaka 2 akaanza kutembelea ncha za vidole, kisha kijiko kikawa kinamdondoka mkononi. Kumbe ni leukodistrofi ya metakromatiki, ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva: kimeng'enya cha arilsulfatesi A hakifanyi kazi, mafuta yaitwayo sulfatidi hayavunjwi, yanarundikana na kuharibu mayelini, ule utando unaofunika neva kama plastiki ya waya wa umeme. Wazazi, wazima kabisa, kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huu. Dada yangu ameshanyooshewa vidole vya kutosha, jamani.