Kibanda na kiwanda

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar. Mdogo wangu ni wakala wa miamala ya simu, Manzese. Mgeni akimuuliza mzee binti yake anajishughulisha na nini, anajibu, "Ana kibanda." Kisha anacheka mwenyewe: "Mimi nilikuwa na kiwanda, mwenzangu ana kibanda. Herufi moja tu."

Huwa tunacheka wote, hata mwenye kibanda. Lakini utani ule umebeba imani ya watu wengi, kwamba kazi ya kweli ni ile inayotoa kitu cha kushika mkononi: kitenge, mfuko wa saruji, gunia la mahindi. Anayebeba, anayetuma, anayetengeneza kilichoharibika, anayepika mchana, hao wanasubiria kazi. Sikubaliani na mzee hapo.

Ukitaka kunielewa, nenda Kariakoo asubuhi, umfuate mfanyabiashara mmoja tu, tuseme mama aliyetoka Lubumbashi, Kongo. Atanunua nguo za watoto, vyombo vya plastiki, labda simu. Vingi katika hivyo vimetoka China. Basi sisi tumemuuzia nini? Tumemuuzia gesti aliyolala na chai aliyokunywa kwa mama ntilie. Kuna kijana anayejua fremu ipi ina mzigo mpya, kuna kuli, kuna mwenye guta, na wale mafundi wa kufunga maroba wanaokaza kamba kwa goti mpaka unaogopa mzigo utapasuka. Kisha wakala wa forodha, kisha lori mpaka Tunduma, dereva na utingo wake, wakilala na kula njiani kuanzia Morogoro. Pesa ya yule mama imeingia nchini kama ambavyo ingeingia pesa ya korosho. Ni mauzo ya nje, ila hakuna shamba wala mashine ya kupigwa picha.

Bandari ni hivyo hivyo. Shaba ya Zambia na Kongo hatuichimbi sisi. Tunaipitisha, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa miaka ya 70 kwa sababu hiyo hasa. Kontena likikaa bandarini wiki mbili bila sababu, kuna mtu Lusaka anayelilipia.

Mchumi Dani Rodrik ameeleza kwa muda mrefu kwamba nchi zinazoendelea siku hizi zinaanza kupoteza nafasi ya viwanda mapema, kabla hazijatajirika, tofauti na Uingereza au Ujerumani, ambazo zilipanda kwanza mpaka juu. Mashine zinahitaji mikono michache kuliko zamani, na ushindani ni mkali. Kijana anayetoka Singida leo kuja Dar hakuti geti la kiwanda linalosubiri mikono yake. Anakuta bodaboda, genge, kibanda. Mji huu ulihesabiwa watu milioni 5.38 kwenye sensa ya 2022, na wengi wao wanaishi kwa kuhudumiana.

Na kuhudumiana huko ndiko kunakonitia wasiwasi, maana kwenye hili mzee ana hoja. Nina kipimo changu cha kienyeji: huduma hii ikitoweka kesho, nani mwingine atashindwa kuzalisha? Lori la Mbeya likitoweka, nyanya zinaozea shambani. Fundi wa pampu akitoweka, mwenye bustani anakaa. Lakini mdogo wangu akifunga, mteja atatembea hatua kumi tu. Kwenye uchochoro wao wako mawakala saba, niliwahesabu mimi mwenyewe. Wanagawana kamisheni ile ile ya wateja wale wale, na kila mmoja kafungia mtaji wake kwenye floti, yaani salio la kuhudumia wateja, inayolala. Ukimjumlisha kwenye takwimu za huduma, sekta imekua. Ukikaa naye kibandani, unaona shilingi moja inazungushwa na mikono saba.

Hata hivyo, kutuma pesa kwa simu, kulikoanza hapa 2008, kunafaulu kipimo changu kwa kishindo. Muuza mchele wa Kyela analipwa kabla gari halijaondoka. Ndiyo maana tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 iliniuma. Serikali iliona pesa zinapita mahali, ikaweka kikapu: hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Watu walirudi kutumiana noti ndani ya bahasha kwa makondakta wa mabasi, kwa macho yangu. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kupunguzwa, lakini mdogo wangu hajasahau miezi ile. Ukitoza barabara kila hatua, usishangae mkulima akibaki nyumbani.

Utalii nauacha kando. Unatuingizia dola nyingi, lakini 2019 tulipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 na 2020 hawakufika laki saba. Umerudi juu tangu hapo. Sitaki tu tuuegemee peke yake.

Ninachomjibu mzee ni kwamba hata kiwanda chake kiliumizwa na huduma. Mwanzoni mwa miaka ya 80 viwanda vingi nchini vilikuwa vikifanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, na akisimulia mwenyewe hasemi walikosa mikono. Anasema vipuri, umeme, maji, pamba iliyokwama bara kwa kukosa usafiri.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliongeza kibao: anapokea vifurushi vya Mbeya na Tunduma, bodaboda wake anavipeleka stendi ya Magufuli kila jioni. Miamala imekuwa kazi ya pembeni. Mteja wake mkubwa ni fundi cherehani wa jirani anayeshona sare za shule na kuziuza mikoani. Jumapili alipokuwa anasimulia, mzee aliweka kikombe chini.

"Kitambaa anatoa wapi?"

"Baba, mimi sijui. Mimi napeleka tu."

"Muulize," akasema. "Na ni pamba au ni hii polista ya mafuta?"