Pima Masikio Kabla ya Sindano ya Kwanza

Chati ya mgonjwa anayeanza jentamaisini (jenta), antibiotiki ya sindano, ina uzito, joto na presha. Usikivu mara nyingi hauna hata mstari wake, na kwangu hilo ni kosa kubwa.

Jenta, amikasini na streptomaisini ni ndugu wa ukoo mmoja. Ni dawa nzuri, zinaokoa vichanga. Sina ugomvi nazo. Ila zikiingia kwenye seli zenye vinyweleo za sikio la ndani, hukaa humo wiki hata miezi, ndiyo maana usikivu huweza kushuka hata baada ya sindano kuisha. Kila sikio lina seli hizo za kusikia kama 15,000, na zikifa hazioti tena. (Kuku huota mpya. Sisi la.)

Hutangulia kufa zile za sauti nyembamba. Mazungumzo mengi yako chini ya hapo, hivyo mgonjwa anaitikia "shikamoo" vizuri huku masikio yake yanaharibika. Kumnong'oneza wodini hakutoshi. Apimwe kwa mashine hadi sauti nyembamba za hezi 8,000, kabla ya dozi ya kwanza au ndani ya siku 3, kisha kila wiki. Kushuka desibeli 20 kwenye sauti moja, au 10 kwenye mbili zinazofuatana, daktari aitwe siku hiyo hiyo. Jenta hupiga sana mizani ya mwili pia: mgonjwa anayeyumba gizani asiambiwe ni uchovu tu.

Uzito usikisiwe. Mtu mzima wa kilo 60, kwa miligramu 5 kwa kilo, anapata 300 mara moja kwa siku: mililita 7.5 za ampuli ya miligramu 80 kwa mililita 2. Figo ndizo zinazoitoa dawa, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe kabla na katikati ya matibabu. Aliyeishiwa maji kwa kuhara, au anayetumia furosemaidi (dawa ya kukojoza), yuko hatarini zaidi.

Kwa TB sugu, ile inayopelekwa hospitali ya Kibong'oto kule Siha, njia ya kinga imeshapatikana: mwaka 2019 WHO iliacha kupendekeza kanamaisini, sindano ya ukoo huu huu, vidonge vikashika nafasi. Nasi kwa magonjwa mengine tuulize kwanza kama kuna dawa mbadala.

Na swali moja halihitaji mashine wala fedha: upande wa mama, kuna aliyekuwa kiziwi baada ya sindano? Ipo kasoro ya kijeni inayofanya sikio lisiivumilie dawa hii; hurithiwa kwa mama, na kwa mwenye nayo dozi sahihi kabisa inaweza kumaliza usikivu.