Weka Kiganja Juu ya Majibu ya Mashine

Karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikishatoka, macho hukimbilia pale juu, mashine ilipochapa maoni yake. Miezi yangu ya kwanza wodini nilisoma hivyo: naanza na hukumu, ndipo nageukia mistari kutafuta ushahidi. Siku hizi nikikaa na mwanafunzi namwomba jambo moja tu. Afunike yale maneno kwa kiganja mpaka amalize kusoma mwenyewe.

Nilijifunza hilo usiku mmoja wa zamu. Mashine iliandika kwamba mgonjwa ana dalili za mshtuko wa moyo wa zamani, upande wa kushoto wa moyo. Nikamwendea na maswali mazito, naye akazidi kuingiwa na hofu. Muuguzi aliichukua karatasi, akaitazama kidogo. "Daktari, hebu iangalie lidi ya I." Nikaangalia. Kwenye lidi hiyo, yaani mchoro wa moyo kutoka pembe moja, wimbi P la vyumba vya juu limepinduka, QRS ya vyumba vya chini imepinduka, T ya kutulia kwake nayo imepinduka, huku aVR, lidi nyingine ambayo kwa kawaida huchora kwenda chini, ikichora kwenda juu. Waya za mikono zilikuwa zimebadilishana, na mimi ndiye niliyezifunga. Tulizirekebisha, tukapima upya, na ule mshtuko wa zamani haukuwepo tena. (Moyo uliokaa upande wa kulia nao hupindua lidi ya I, lakini huo huvuruga na lidi za kifuani, zetu zilikuwa sawa kabisa.)

Tatizo langu lilianzia darasani, ambako kila ugonjwa tulioneshwa kwa picha moja nzuri, jina lake limeandikwa juu. Tukakariri sura. Laiti tungeanza na kanuni yenyewe: kila lidi ni jicho linaloutazama moyo kutoka pembe yake, umeme unaolijia huchora kwenda juu, unaolikimbia huchora kwenda chini. Lidi za I, II na III ni zilezile za Willem Einthoven, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, na kanuni hiyo ndiyo inayozibeba hadi leo. Ukiielewa, huhitaji kukariri kwamba II, III na aVF huenda pamoja, maana zote zinautazama moyo kutoka chini. Sehemu ya ST, kati ya QRS na T, ikipanda kwenye hizo tatu hata kwa milimita moja, utageukia aVL, inayotazama kutoka juu kushoto, uone kama huko imeshuka. Mara nyingi aVL ndiyo inayoniondolea shaka kuhusu mshtuko wa moyo.

Kuhesabu ni kazi ndogo. Karatasi ikienda kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kisanduku chake kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa 0.2. Gawa 300 kwa visanduku vikubwa vilivyo kati ya R na R, vilele vya QRS, unapata mapigo kwa dakika, mradi mapigo yawe yanafuatana sawasawa.

Siidharau mashine. Kupima muda wa QRS inanishinda kwa wepesi. Lakini mgonjwa akitetemeka kwa baridi, inaweza kuuona mtetemo wa misuli ikadhani vyumba vya juu vya moyo vinapapatika. Haijui kwamba blanketi limeanguka. Wewe uliyesimama pale kitandani unaliona. Mfunike, msubiri atulie, pima tena, kisha andika kwa kalamu mapigo, mpangilio wake, PR (muda kutoka P hadi QRS), QRS, ST. Ukimaliza, ondoa kiganja.